Pikapu yenye supachaja: inabadilika wapi barabarani?

Barabara kuu ya I-70, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, inaanza kupanda milima ya Rocky mara tu inapotoka mji wa Denver kuelekea magharibi. Denver iko kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Goma au Bukavu. Handaki la Eisenhower, ambako mpando unaishia, liko kwenye mita 3,400. Ni katika mpando huo ndipo mwenye pikapu anatambua kama moteri yake inapumua vizuri.

Kadiri gari inavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwenye handaki imepungua kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na pwani, na moteri ya kawaida inapoteza nguvu karibu kiasi hicho. Dereva anakanyaga mafuta, gari inatoka vitesi ya sita hadi ya nne, moteri inalia, mwendo unaongezeka kidogo. Akipunguza mguu tu, gari inarudi ya tano, inachoka, inashuka tena ya nne. Ukiwa na remoki nyuma, mchezo huo unachosha kuliko safari yenyewe.

Hapo ndipo wengine wanafunga supachaja. Ni pampu ya hewa inayokaa juu ya moteri na kuzungushwa na mkanda, tofauti na turbo ambayo inazungushwa na moshi unaotoka. Turbo inasubiri moshi uwe mwingi. Supachaja inajibu mara tu mguu unapogusa.

Toyota yenyewe iliwahi kuuza kifaa hicho kwa pikapu ya Tundra yenye moteri ya V8 ya lita 5.7. Nguvu zilitoka farasi 381 hadi 504. Lakini kwa mtu wa safari ndefu, namba ya kutazama ni nguvu ya kuvuta: kutoka nyutoni-mita 544 hadi kama 746. Ndiyo inayofanya gari ibaki vitesi ya juu kwenye mlima bila kuhangaika.

Pikapu hiyo haishindi sheria ya milima. Pampu inasukuma hewa ile ile nyepesi, kwa hiyo nayo inapoteza asilimia yake. Kwa hesabu ya haraka, farasi 504 wanabaki kama 350 pale juu. Wale 381 wanabaki kama 265. Yaani, mwenye supachaja anafika handakini akiwa na nguvu zinazokaribia zile ambazo jirani yake anazo pwani.

Na kwenye tambarare? Karibu hakuna kinachobadilika, na hilo linashangaza wanunuzi wengi. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, moteri ya Tundra inazunguka chini ya mara 2,000 kwa dakika na inahitaji hewa kidogo tu. Kilango kidogo kinafunguka, hewa inazunguka bila kubanwa, pampu inaenda bure. Mwenye mguu mwepesi anaweza kutumia esanse karibu ile ile ya zamani. Shida ni kwamba mguu mwepesi ni adimu kwa mtu aliyetoka kulipia nguvu mpya.

Kilango kikifunga, mluzi unasikika na gari inaruka. Kupita lori refu kunachukua muda mfupi zaidi, na muda mfupi kwenye upande usio wako ni usalama wa kweli. Ila freni ni zile zile, mipira ni ile ile. Ukitoka kilomita 100 hadi 130 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga freni unaongezeka kwa karibu asilimia 70. Pampu haijui hesabu hiyo.

Pia kuna joto. Hewa iliyobanwa inapata moto, ndiyo sababu kifaa kizuri kinakuja na radiata yake ya kupoza hewa. Esanse nayo lazima iwe ya daraja la juu. Ikiwa duni, inalipuka kabla ya wakati, moteri inagonga, na pistoni zinaweza kutoboka. Anayenunua esanse kando ya barabara kwa wale wanaoitwa kadhafi, bila kujua ilichanganywa na nini, afikirie mara mbili.

Kwa kweli, kwetu mashariki pikapu nyingi zinakunywa mazutu, na kwenye mazutu kazi hiyo inafanywa na turbo. Hilux nyingi za sasa zinatoka nayo kiwandani. Land Cruiser nyingi zenye moteri ya 1HZ, lita 4.2, hazina, na kila anayepanda Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu na mzigo anazijua: moshi mweusi, vitesi ya pili, subira. Fundi anaweza kuifunga turbo, lakini moteri hiyo haikutengenezwa kwa ajili yake. Presha iwe ndogo, mazutu ipimwe upya, na kipimo cha joto la moshi kiwekwe mbele ya dereva.

Safari ya kurudi, kutoka Bukavu kushuka Kamanyola, hakuna pampu inayosaidia. Huko gari inashikwa na vitesi ndogo na freni tu, iwe na turbo au isiwe nayo.