Dhahabu ya Lusu: Ilivyochenjuliwa Jana na Inavyochenjuliwa Leo

Misafara ya karne ya 19 kati ya Tabora na Ziwa Viktoria ilibeba pembe za ndovu, nguo na majembe ya chuma. Dhahabu haikuwa mzigo wa wapagazi wa Kinyamwezi, ingawa katika nchi ya Nzega ilikuwa chini ya nyayo zao.

Mwaka 1998 kampuni ya Resolute ya Australia ilianza uzalishaji katika mgodi wa Golden Pride, Lusu, uliokuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini. Hadi ulipofungwa, miaka 15 hivi baadaye, ulikuwa umetoa zaidi ya wakia milioni 2, yaani tani zaidi ya 60.

Mawe yalipondwa na kusagwa kwa maji yakawa tope laini, kisha tope likatiwa sianidi katika matangi. Sianidi huyeyusha dhahabu, na chembe za kaboni huinasa. Chokaa huongezwa ili sianidi isigeuke hewa ya sumu. Tope linalobaki huhifadhiwa bwawani.

Wachimbaji wadogo hutumia njia fupi: karasha, mialo, beseni na zebaki. Zebaki hushikamana na dhahabu, na mchanganyiko huo huchomwa. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ukichomewa jikoni, zebaki hutua kwenye kuta, paa na sufuria. Hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni.

Tena, mara nyingi zebaki hainasi hata nusu ya dhahabu iliyomo, ndiyo maana marudio hayakosi wanunuzi. Marudio hayo yakitiwa sianidi, zebaki nayo huyeyuka na kuweza kusafiri na maji hadi visimani.

Anayechoma atumie ritoti, chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki ya kutumika tena, na achomee mbali na makazi. Mialo isijengwe kando ya maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Mkazi anayeona marudio yakimwagwa karibu na kisima au lambo atoe taarifa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata.