Fahamu: Mimba changa ina wiki ngapi?

Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, malaria ipo mwaka mzima. Ndiyo maana swali la muuguzi, “Hedhi ya mwisho ilianza lini?”, lina uzito: SP, dawa ya kuwakinga wajawazito, hutolewa kuanzia wiki ya 13.

Hesabu huanzia siku ya kwanza ya hedhi hiyo, hadi siku 280. Iliyoanza Machi 10 huelekeza kujifungua karibu na Desemba 15.

Tarehe husahaulika, hasa kwa anayenyonyesha au aliyeacha sindano za kupanga uzazi. Hapo mkono hupapasa: mfuko wa uzazi huchomoza juu ya kinena karibu wiki ya 12. Ultrasaundi ya mapema ndiyo sahihi zaidi. Shirika la Afya Duniani hushauri moja kabla ya wiki ya 24.

Hata wiki ya 13 ikifika, mjamzito mwenye VVU anayemeza dawa ya Septrin hapewi SP.