Mafuta yanayofaa jahazi huiua boti ya faiba

Mwezi uliopita niliteremsha injini ya boti yangu, nikaidunga tezi kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye boflo. Plaiwudi ya ndani imeoza, boliti mbili kati ya nne hazishiki kitu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimevusha watu tisa kutoka Mokowe.

Maji yaliingia kwenye matundu ya boliti. Fundi alitoboa faiba na bamba la stenlesi kwa pamoja, huku akimwaga mafuta. Simlaumu sana. Mafundi wetu wamelelewa na keke, na kwenye jahazi mafuta ni rafiki: msumari huviringishiwa pamba yenye mafuta, maji yakose njia. Lakini kwenye faiba, palipo na mafuta gundi ya kuziba haishiki.

Shida ni kwamba vitu hivi viwili havipatani. Stenlesi ikisuguliwa kwa kasi bila kukatwa huzidi kuwa ngumu, na biti ikaungua. Yataka mwendo wa polepole, mkandamizo na mafuta. Faiba nayo haipitishi joto upesi. Joto hubaki tunduni, resini ikalainika na nyuzi zikachanika. Ukivitoboa pamoja, vinyuzi vya chuma vyenye moto hupanda kupitia tundu la faiba, vikalikwangua likapanuka.

Hata waundaji ndege hili linawasumbua. Boeing 787, kama zile ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea 2014, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi na resini, na kuna sehemu zinazoungana na titani. Kwenye kazi kama hizo kuna wanaopuliza ukungu mwembamba tu wa mafuta badala ya kuyamwaga. Watafiti wamejaribu hata naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri!

Sisi tutenganishe kazi. Toboa bamba peke yake, kwa mafuta, kisha lioshe kwa sabuni na ulifute kwa asetoni. Lifanye kipimo cha kutilia alama. Faiba itoboe kavu, kwa biti kali, ukiichomoa mara kwa mara ipoe, na kibao kikiwa nyuma isibanduke. Maji ya bahari usiyatumie kupoza: huacha chumvi, na drili ya umeme ikilowa huua. Ziba pua na mdomo kwa barakoa. Vumbi lile ni kioo. Mwisho, matundu yapake ipoksi kabla ya boliti.

Yangu yamekauka juzi. Injini inarudi Ijumaa baada ya swala, inshallah.