Zabibu za Dodoma na Udongo Wetu

Tangu wengi wetu huku Migori tuanze kuachana na tumbaku, swali kwa kila mkutano ni lile lile: tupande nini? Wengine wamechukua maharagwe. Sasa kuna watu wanapita wakiuza miche ya mizabibu, ati kama Dodoma wanatengeneza divai, kwa nini sio sisi?

Mizabibu ya Dodoma ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki pale Bihawana, miaka ya 1950, ili wapate divai ya misa. Ikashika. Na sio kwa sababu ya joto peke yake. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Homa Bay mjini. Tofauti ni mvua. Wao wana msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka, halafu ukavu wa miezi mingi. Mzabibu hauvumilii majani yaliyolowa kila siku: ukungu unaingia, zabibu zinaoza zikiwa bado kwa kichala. Huko Ulaya baridi ndiyo inaulaza mmea. Dodoma mkulima anauamsha kwa mkasi. Akiupogoa unachipua na kutoa maua, kwa hivyo anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Hata hivyo, hawapandi aina yoyote tu. Kuna Chenin Blanc, asili yake bonde la Loire, Ufaransa, ya divai nyeupe. Kuna Syrah ya bonde la Rhône, ya divai nyekundu. Lakini iliyoenea sana kwa wakulima wadogo ni Makutupora, yenye jina la kijiji kaskazini ya mji.

Hapa kwetu mvua inakuja misimu miwili. Kikundi chetu kilipanda miche kumi na miwili upande wa Rongo, penye miwa. Mvua ya Aprili ilipokolea, majani yakajaa ukungu. Tuling'oa yote, na pesa ikaenda.

Nyatike na Karungu, kando ya ziwa, ni pakavu zaidi. Mwenye hamu ajaribu huko miche mitano, amwagilie shinani, sio kwa majani, na angoje miaka miwili au mitatu. Asiuze ng'ombe kwa ajili hiyo. Na kabla ya kulipa, amuulize muuzaji: hii ni aina gani, ya kula au ya divai? Asipotaja jina, mwache aende zake.