Chokaa na saruji katika nyumba za Mji Mkongwe

Wengi wetu tulio Maskati, Dubai au Uingereza tuna jamaa ambao bado wanakaa katika nyumba ya ukoo Mji Mkongwe wa Unguja, na hutuma fedha za kuitengeneza. Sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye mifuko ya saruji. Kabla ya kutuma nyengine, yafaa kujua nyumba ile imejengwa kwa nini.

Imejengwa kwa kisiwa chenyewe. Mawe yake ni matumbawe ya kale yaliyochimbwa ardhini. Matumbawe hayo hayo yakichomwa kwa kuni hutoa chokaa, ambayo huzimwa kwa maji, ikaachwa iive, kisha ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta hufika nusu mita kwa unene, pengine na zaidi, na kwa unene huo joto la mchana huchelewa kuingia ndani.

Dari hushikwa na boriti za mikoko. Boriti haizidi sana mita tatu, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Fundi hakuchagua upana. Mti ndio uliompimia. Hapa nyumba ya Unguja inakutana na nyumba za Ghuba, kwani majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti hizo. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938-39 hadi delta ya Rufiji zilikopakiwa, na safari hiyo akaiandikia kitabu. Ndiyo sababu vyumba vya zamani vya Kuwait na Bahrain navyo ni vyembamba.

Turudi kwenye ukuta. Chokaa ni laini na ina vitundu vidogo. Maji ya masika yanayoingia ukutani, na yale yanayopanda kutoka ardhini, hutoka tena polepole jua likiwaka. Lipu ya saruji huyafungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, udongo ulioshika mawe hulegea, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila mtu kuziona. Nyumba hupendeza miaka michache, kisha lipu hubambuka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Mara nyingi dawa inayotolewa ni saruji zaidi.

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini orodha haipigi mtu lipu. Kazi ni ya mwenye nyumba. Aanze na paa, maana ukuta haukauki chini ya paa linalovuja. (Mabati yasidharauliwe, paa nyingi bapa zilifunikwa kwa mabati zamani kwa sababu hiyo.) Kisha saruji ibanduliwe kwa uangalifu, ukuta uachwe ukauke kwa miezi, ndipo upigwe lipu ya chokaa. Fundi anayeijua kazi hii huchukua muda mrefu zaidi, na jamaa aliyeko Unguja atahitaji kuelezwa mapema kwa nini anasubiri.