Mteja akiandika "kiatu", duka lako la mtandaoni litamwonyesha viatu?

Fungua tovuti ya duka lako kwa simu, kisha andika "kiatu" kwenye kisanduku cha kutafuta. Kama bidhaa yako umeiandika "Viatu vya watoto", kuna uwezekano utaambiwa hakuna kitu. Mteja wa Kalobeyei mwenye pesa tayari kwa simu hatakupigia kuuliza. Ashaenda kwa jirani.

Na wateja hao si wachache. Mwaka 2018 shirika la IFC lilikadiria kuwa soko la Kakuma, mji na kambi, lina thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka.

Ukiwa na bidhaa 30 hivi, usijisumbue. Katalogi ya WhatsApp Business inatosha kabisa, na ni bure. Lakini ukifika mia kadhaa, utashawishika kukodi huduma ya utafutaji kama Algolia au Meilisearch. Orodha yako ya bidhaa inakaa kwenye seva zao, mteja akiandika neno wao wanamletea majibu.

Watakusifia kwamba wanasamehe makosa ya tahajia. Ni kweli, lakini soma masharti. Kwa kawaida neno la herufi 5 linasamehewa kosa 1, na huduma hizo mbili huhesabu kosa la herufi ya kwanza kama makosa mawili. Sasa angalia Kiswahili: kiatu, viatu, kitenge, vitenge. Sisi umoja na wingi tunabadilisha mwanzoni mwa neno, palepale wasiposamehe! Kiingereza huongeza herufi mwishoni, kwa hivyo huko shida hii haionekani sana. Dawa ni visawe: unaingia kwenye mipangilio na kuiambia kwamba kiatu na viatu ni kitu kimoja. Kama huduma unayoijaribu haina sehemu ya visawe, achana nayo.

Hapa Kakuma kazi ya visawe ni kubwa kuliko kwingine. Kitenge chako, mteja kutoka Kongo anaweza kukiita kikwembe. Kuna watakaoandika kwa Kisomali, wengine kwa Kiarabu na herufi zake. Kaa na wateja watano wa lugha tofauti, waandike wenyewe vitu wanavyonunua, bila kuwasaidia. Hilo ndilo jaribio. Lifanye kwa simu ya bei nafuu na bando la kawaida, si kwa Wi-Fi ya ofisi Lodwar.

Kuhusu pesa: bei nyingi ni za dola, na hutegemea idadi ya utafutaji. Uliza kama kila herufi mteja anayoandika inahesabiwa, kwa sababu majibu yanayotokea mtu akiendelea kuandika yanaweza kula hesabu haraka sana. Malipo huhitaji kadi. Kadi pepe ya Visa ya M-PESA, iliyozinduliwa Juni 2022, inaweza kutumika pale Visa inapokubaliwa. Weka kiasi cha mwezi huo tu, na uandike tarehe ya mwisho ya majaribio ya bure, maana makato yanaweza kuanza yenyewe.

Utapewa pia angalau funguo mbili. Wa kutafuta unawekwa kwenye tovuti. Wa usimamizi ni kama PIN yako: aliye nao anaweza kufuta orodha yote au kubadilisha bei. Fundi wa tovuti akiuacha wazi kwenye ukurasa, mwambie autoe siku hiyo hiyo na atengeneze mwingine.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakifungui: ripoti ya maneno yaliyokosa majibu. Isome kila Jumatatu. Ukiona "kikwembe" mara kumi, ongeza kisawe. Ukiona "betri ya sola" na huna, agiza kwenye mzigo unaofuata kutoka Kitale.