Ugonjwa wa Jumatatu

Farasi wakubwa wa Brabant, katika nchi ya Ubelgiji, waweza kupata uzito wa kilo 900 na zaidi. Zamani, kabla ya trakta kuenea, ndio waliovuta plau shambani na magari ya mizigo njiani.

Siku sita farasi alifanya kazi, naye alipewa majani makavu na nafaka nyingi. Dominika alipumzika zizini. Bwana wake akasema moyoni: «Amechoka sana, na ale vizuri leo.» Akamjazia nafaka kama siku ya kazi.

Jumatatu asubuhi farasi alifungwa garini. Alitembea kidogo tu, kisha jasho likamtoka, miguu ya nyuma ikawa migumu kama mti, na mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Wengine walianguka wakafa. Kwa hiyo watu waliuita ugonjwa wa Jumatatu.

Sababu yake nini? Nafaka ni chakula cha kazi. Tumboni hugeuka kuwa sukari, na sukari huwekwa akiba katika misuli. Kazi hutumia akiba hiyo. Pasipo kazi, akiba huzidi. Tena, mwaka 2008 wataalamu walionyesha kasoro ambayo farasi wengi wa jamii hizo hurithi kwa wazazi: misuli yao huweka sukari kupita kiasi. Misuli hiyo ikianza kazi ghafula huharibika, na rangi yake huingia katika mkojo.

Wakulima wenye busara walifanyaje? Siku ya mapumziko walipunguza nafaka nusu au zaidi, wakaacha majani na maji tele, wakamtembeza farasi uwanjani. Na aliyeshikwa na ugonjwa hawakumlazimisha kwenda. Walimwacha asimame palepale, wakamfunika blanketi.

Hata farasi wa mashindano wa leo hulishwa kwa kanuni hiyo. Mwenye kilo 500 hula karibu kilo 10 za majani makavu kwa siku. Nafaka hufuata kazi, tena hugawanywa, isizidi kilo 2 kwa mara moja. Maana tumbo lake ni dogo, wala hawezi kutapika.

Bwana yule hakuwa mkatili. Alimpenda farasi wake, lakini hakupima.

Maswali: Kwa nini farasi aliugua Jumatatu, wala si Jumamosi? Siku ya mapumziko apewe nini?